Shahidi wa Samaki wa Baba

Mimi ni fundi bomba, na siku ambazo mabomba ya watu yananipa nafasi ya kupumua, ni mvuvi wa mwanzi. Watu wanaonikuta ukingoni mwa bwawa, mwanamke mzima na kofia yangu kubwa na ndoo pembeni, hupenda kuniuliza nani alinifundisha. Huwajibu kwamba ni marehemu baba yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvua hata samaki mmoja. Wanadhani natania. Basi leo niseme ilivyokuwa, maana nimechoka kuulizwa.

Baba alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la viatu na ngazi za jengo la ghorofa, na upana wake ulitosha mtu mmoja na nusu. Hiyo nusu ilikuwa mimi. Nikitoka shule nilikaa kwenye kigoda chini ya meza yake, kazi yangu kuokota skrubu zilizodondoka. Skrubu ya saa ya mkononi ni ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya ujue umeiaga. Kwa hiyo pale kibandani palikuwa na amri moja tu: Baba akiwa ameshika kitu kwenye kibano, hakuna kusema, hakuna kucheka, na hata kupumua kupumuliwe kwa adabu. Alibandika kioo chake cha kukuzia kwenye jicho la kulia, akakunja uso kukishikilia, na akiwa katika hali hiyo hata jengo lingewaka moto angemaliza kwanza skrubu yake ndipo aulize moshi unatoka wapi.

Mama alikuwa dobi wa hospitali. Kutwa nzima shuka za wagonjwa, na shuka za wagonjwa si za kusuguliwa kwa ncha za vidole. Alipokamua nguo ilitoka imekauka nusu kabla jua halijaiona. Mimi nilichukua sura ya Baba na mikono ya Mama, na ubishi nilijitafutia mwenyewe.

Uvuvi ulianzia kwa daktari wa macho. Alimwambia Baba kwamba macho yake yamechoka kwa kutazama vitu vidogo, kwa hiyo angalau siku moja kwa wiki ayapumzishe kwa kutazama mbali. Mtu mwingine angepanda kilima. Baba alikata mwanzi, akanunua mshipi na ndoano, akachonga kizibo cha chupa kiwe cha kuelea, na kila Jumamosi akawa anafunga kibanda na kwenda bwawani, ambako alikaa mpaka jua kuzama akikikodolea macho kizibo kilichoelea hatua sita kutoka miguuni pake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapumziko ya macho.

Mama hakupinga. Alisema tu kwamba mtu anayeshinda kwenye maji atarudi na kitu cha kwenye maji. Jumamosi nne Baba alirudi na nyungunyungu waliobaki. Ya tano alirudi na samaki wawili, na tangu siku hiyo hakuna Jumamosi iliyopita kavu. Tulikula samaki tukawasahau kuku. Mimi shuleni nilivimba kichwa, na Mama, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, aliwasimulia wenzake wote wa chumba cha kufulia kwamba mumewe ana mkono wa bahati.

Lakini Mama alikuwa na macho pia. Aliona kwamba kila samaki wa Baba ana tundu moja mdomoni, upande wa kushoto, duara safi kabisa, na matundu yote yanalingana. Alinyamaza. Hata mimi nilipomuuliza kama samaki wote huwa wanauma ndoano upande mmoja, aliniambia nisage pilipili.

Kisha ikaja Jumamosi yenye joto la kuyeyusha lami. Baba aliingia, akaweka samaki wake mezani, akaenda kunawa miguu. Mama alimlaza mmoja kwenye ubao, akatia kisu, kisu kikazama kidogo kikagoma. Akasukuma. Kikagoma tena. Akaweka kisu chini, akatia kidole tumboni mwa samaki, akakiacha humo kwa muda akifikiri. Halafu akamwita Baba kwa sauti ile ya upole ambayo sote wawili tuliiogopa.

“Fundi,” alisema, “bwawa letu limeganda lini?”

Baba alieleza kwamba kule chini kabisa maji huwa baridi sana, baridi isiyosemeka. Mama akamwomba atie kidole. Akatia. Kulikuwa na bonge la barafu humo ndani la kutosha jagi la maji ya matunda. Baba alisimama na kidole chake tumboni mwa samaki, akaona hakuna pa kukimbilia, akasema yote. Samaki walitoka kwenye friji la duka la karibu na kituo cha basi. Akishawapata alikuwa akipitia kibandani, anafunga mlango, anawatoboa mdomo ili waonekane wamenaswa na ndoano, na chombo alichotumia ni ile koleo yake ya kutobolea mikanda ya saa. Ndiyo maana matundu yalikuwa mazuri hivyo. Mtu wa kazi nyingine angewachana ovyo na pengine asingekamatwa mpaka leo, lakini Baba hakujua kutoboa vibaya.

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama hakucheka. Aliketi, akasema polepole kwamba amewasimulia wanawake kumi na mmoja, na kwamba keshokutwa atakwenda kuwaangalia usoni. Hapo kicheko kiliniisha. Baba naye alishindwa hata kukitoa kidole.

Hukumu ilitoka kabla chakula hakijaiva. Baba alipewa Jumamosi nne. Katika hizo nne alete samaki mmoja, mmoja tu, aliyemvua yeye mwenyewe, na awe hai ndani ya ndoo. Akishindwa, mwanzi ule utakuwa nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, na Jumamosi zake zote atakaa kibandani kama mafundi wengine wenye akili zao. Na kwa kuwa neno lake kuhusu samaki limekwisha thamani, ataandamana na shahidi.

Shahidi nikawa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sifa yangu kubwa ilikuwa kutoweza kuficha kitu. Niliwahi kumwambia mgeni mezani kwamba Mama amesema huyu akija tupike sufuria kubwa. Mama aliniweka mbele yake, akanishika mabega, akasema nitakachosema mimi ndicho atakachokichukua, bila kuuliza mara ya pili.

Jumamosi ya kwanza nilikalia kiti cha nyuma cha baiskeli, mwanzi nimeukumbatia kwa urefu wake wote, na kila tulipokata kona mwanzi ulitangulia kusalimia watu. Bwawa lenyewe lilikuwa la maji ya mji, lenye ukingo wa zege ulioteremka mpaka majini, na juu ya zege kila mvuvi alikuwa na mahali pake panapojulikana. Jirani ya Baba alikuwa kinyozi mmoja mnene ambaye wote walimwita Sumaku, kwa sababu samaki walimfuata kama wanadaiwa kunyolewa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kumtolea ushahidi baba yangu. Alicheka mpaka kizibo chake kikacheza, na tangu hapo sikuwa na jina jingine pale ila Shahidi.

Sumaku ndiye aliyenifundisha sheria ya bwawa. Ilikuwa moja: mwanzi wa mtu hauguswi. Hata samaki akiuvuta, hata mwenyewe akiwa amelala fofofo, unamwita, basi. Ukiugusa, atakayetoka ni samaki wako wewe uliyegusa, hata kama mwanzi, ndoano na nyungunyungu ni vya mwenzako. Alisema zamani watu walikuwa wakisaidiana kuvuta halafu wanagombana nani mwenye samaki mpaka wengine wakasukumana majini, na sheria ilitungwa na waliolowa.

Haikunichukua muda kugundua ugonjwa wa Baba. Samaki walimjia, tena sana. Kizibo kilitikisika, kikazama, na hapo Baba aliinua mwanzi kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetoa mshale kwenye uso wa saa. Samaki alipata muda wa kula, kufuta mdomo na kuondoka. Sumaku hakuweza kuvumilia.

“Fundi,” alimwambia, “unamvua au unampima homa?”

Baba alijaribu. Alikaza meno, akaapa kwamba safari hii atavuta kwa nguvu, na kizibo kilipozama akavuta kwa vidole vitatu. Mkono uliozoea skrubu kwa miaka ishirini hauelewi maneno.

Lakini kuna kitu ambacho sikukitarajia, nacho kilinitia hofu kuliko yote. Baba wa bwawani hakuwa Baba wa kibandani. Kule chini ya meza nilimjua kwa viatu vyake tu na ukimya wake. Hapa, mikono ikiwa na mwanzi na jicho likiwa halina kioo, alizungumza. Alinisimulia jinsi alivyofungua saa ya ukutani ya babu akiwa mdogo kuliko mimi na akashindwa kuirudisha, na jinsi walivyoishi mwaka mzima wakibahatisha saa za kula. Aliniuliza mambo yangu ya shule, na akasubiri jibu. Nilikuwa sijui kama baba yangu anachekesha. Jumamosi ya pili ilipopita bila samaki nilianza kuhesabu kwa vidole, na ya tatu ilipopita, hofu yangu ilikuwa imeipita ya kwake. Yeye angepoteza mwanzi. Mimi ningerudi chini ya meza.

Siku hiyo ya tatu Sumaku, aliyekuwa na saba ndooni, alimsogezea Baba mmoja kwa mguu, huku akitazama pengine. Baba alimwangalia yule samaki kwa muda mrefu sana. Kisha akaniangalia mimi, akamrudishia samaki wake, akamshukuru.

Jumamosi ya nne tulifika mapema kuliko wote. Mpaka saa nane mchana hakuna kilichotikisika. Saa nane ndipo Sumaku alipofanya kosa la kutazama mkononi na kusema kwamba saa yake imesimama tangu jana. Angesema nyoka amepita pale, Baba angebaki ametulia. Lakini Baba hakuweza kukaa karibu na saa iliyosimama, mwili ulimwasha. Alijizuia kidogo, akajikuna shingo, mwishowe akaulaza mwanzi juu ya zege, akaukandamiza kwa jiwe, akatandaza leso, akatoa kioo chake mfukoni. Nilimkumbusha ni siku gani. Akasema ni dakika tano tu.

Alikuwa ameifungua saa yote, vipande vimepangwa kwenye leso, na skrubu ya mwisho iko kwenye kibano inatafuta tundu lake, ndipo kizibo kilipozama. Hakikutikisika kwanza. Kilikwenda chini moja kwa moja, na mshipi ukakaza.

“Baba,” nikasema, “kimezama.”

Hakupumua. Uso wote umekunjamana kuzunguka kioo, skrubu iko hewani. Nilimwita tena. Akasema bila kufungua meno, “Sekunde moja.” Sasa sekunde ya fundi saa mnaijua. Sumaku alisimama, akajishika mikono nyuma kwa nguvu, mshipa wa shingo umemtoka. Jiwe lilibiringika. Mwanzi ukaanza kuteleza kwenye zege kuelekea majini, na pamoja nao niliziona Jumamosi zote zikiteleza, na hadithi zake zote ambazo bado sijazisikia. Nikaurukia.

Nilivuta kwa mikono yote miwili, mikono ya dobi. Kambale alitoka majini, akapita juu ya kichwa changu, akampiga Sumaku kifuani, kisha akaangukia kwenye leso na kuanza kucheza. Magurudumu ya saa, mishale, springi, kila kitu kiliruka kikaenda kilikojua chenyewe. Kilichosalimika ni skrubu peke yake, ambayo Baba alikuwa bado ameishikilia hewani kwa kibano.

Akatoa kioo jichoni, akamwona kambale. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifurahi vile. Halafu akautazama mwanzi mikononi mwangu, na furaha ikaondoka polepole, ikabaki tabasamu ambalo alilishikilia kwa ajili yangu.

Sumaku alikuwa anajipangusa tope. Alisema kwamba yeye kama jirani hakuona kitu, kwa sababu alikuwa anapigwa na samaki, na mtu anayepigwa na samaki haangalii nani kashika mwanzi. Akatusaidia kutia maji ndooni. Saa yake hakuiulizia.

Tulirudi tukikokota baiskeli, ndoo imening'inia kwenye usukani, kambale anaigonga kutoka ndani. Baba hakuniomba chochote. Hata neno. Kama angeniomba nadhani ningekasirika na kukataa, ndivyo nilivyokuwa. Lakini alikuwa anachagua tu njia isiyo na mashimo ili maji yasimwagike, na mimi pembeni yake nikawa najifundisha kimoyomoyo neno moja, nikilirudia mpaka likawa laini.

Mama alikuwa uani anaanua nguo. Aliinama juu ya ndoo, akatia kidole kumgusa kambale, kambale akajibu, Mama akatoa kidole haraka. Hakumuuliza Baba. Akanigeukia mimi.

“Nani kamvua?”

“Baba.”

Lilitoka zuri. Hicho ndicho kilichonishangaza, jinsi lilivyotoka bila kukwaruza. Na uso wa Mama ukafunguka palepale. Hakuuliza mara ya pili, kama alivyoahidi. Alijifuta mikono kwenye kanga, akamgeukia Baba kwa macho ambayo hakumpa tangu siku ya barafu, na ilikuwa dhahiri kwamba keshokutwa angeingia chumba cha kufulia kichwa juu. Baba alikuwa na kila kitu mkononi. Kilichobaki kwake ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndiko alikokujua kuliko kitu kingine chochote.

“Si mimi,” alisema Baba. “Ni yeye. Mimi nilikuwa nimeshika skrubu.”

Nilianza kulia hapohapo, kwa sauti, na sijui hata nilikuwa namlilia nani.   Mama akauchukua mwanzi, akautembeza mpaka kwenye kamba ya nguo, akausimamisha chini yake, na ulitosha barabara, kana kwamba ulikatwa kwa kazi hiyo.  Akafikiri. Halafu akarudi nao, akaniwekea mikononi.

Alisema mwanzi sasa ni wangu, kwa sababu mimi ndiye mvuvi pekee katika nyumba ile. Kwa uwongo nilioutamka, wiki nzima nitakamua nguo, na nikikamua vibaya nitarudia. Ila Jumamosi nitakwenda bwawani. Na kwa kuwa mtoto haendi bwawani peke yake, nitafute mtu mzima wa kunisindikiza, ikiwezekana mtu ambaye siku hiyo hana cha maana cha kufanya. Aliyasema hayo akiwa ametupa mgongo, anakunja shuka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Jumamosi iliyofuata, vidole vyangu vikiwa vimechubuka kwa kukamua, tuliketi mahali petu, mimi na mwanzi, Baba na ndoo. Nilikuwa nimelibeba swali langu wiki nzima. Nikamuuliza kwa nini alisema, na hali mambo yalikuwa yamekwisha kwenda sawa. 

“Uliuona uso wake uliposema?” aliniuliza.

Nikasema niliuona.

“Mimi kumdanganya mama yako nilihitaji friji, koleo na vipimo, na bado alinikamata. Wewe neno moja tu, akaamini. Nikaogopa, mwanangu.”

Kisha akaniambia nisogeze mguu, nimekanyaga chambo.

Alinisindikiza miaka kumi na tisa, mpaka magoti yakamkatalia ule mteremko wa zege, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuugusa mwanzi. Siku hizi nakwenda peke yangu. Pale bwawani kila mvuvi ana samaki wake aliyekuwa mkubwa kama mlango, na kila mwaka mlango unaongezeka upana. Wangu wote ni wadogo. Wananicheka, wanasema mwanamke huyu miaka yote hii anavua vidagaa. Huwaacha wacheke. Kambale yule wa kwanza alikuwa shibiri moja na vidole vitatu, na sitamwongezea hata kidole.